Sensa kwanza au karatasi kwanza? Jibu kwa mwenye kiwanda cha alizeti

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nina kiwanda cha kukamua alizeti huku Singida: ekspela mbili (mashine za kukamua kwa skrubu), chungu cha mvuke cha kupashia mbegu, boila ya kuni na kichujio. Msimu uliopita bili ya umeme ilinitoa jasho, mashudu yalitoka bado yana mafuta, na mnunuzi wangu mkubwa ameanza kuniuliza maswali ya mazingira. Kuna kampuni imeniletea ofa ya kukifanya kiwanda kiwe cha kisasa: sensa (vihisi) kwenye kila mota, skrini ofisini, taarifa kwenye simu. Mpwa wangu anayesomea uhandisi anasema nisisaini chochote kabla ya kufanya QFD na majedwali ya Suh. Hizo zana zinatufaa sisi wenye viwanda vidogo, au ni mambo ya akina Toyota?

JIBU: Marahaba. Msikilize mpwa wako. Ofa hiyo kwa sasa huwezi kusema ni nzuri wala mbaya, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kiwanda chako kinatakiwa kifanye nini na kwa kiwango gani. Muuzaji ameanza na alichonacho dukani, na hilo simlaumu, ndiyo kazi yake. Yako ni kuanzia upande wa pili.

Kuhusu akina Toyota, ondoa wasiwasi. QFD, yaani njia ya kugeuza matakwa ya watu kuwa vitu vinavyopimika kwa kutumia jedwali, ilibuniwa na Mjapani Yoji Akao kuanzia miaka ya 1960, na jedwali lake lilianza kutumika kwa dhati mwaka 1972 kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi huko Kobe. Meli kubwa hujengwa mojamoja, kila moja kwa matakwa ya mwenye kuiagiza, na kasoro ikigundulika ikiwa tayari imeelea, fedha zimeshazama. Kiwanda chako nacho kipo kimoja tu, na kina msimu mmoja kwa mwaka. Zana yenyewe ni karatasi kubwa ya miraba, penseli, na watu sahihi kuizunguka. Wapo watakaokuuzia programu ya kompyuta kwa kazi hiyo. Achana nayo, jedwali la kawaida la kompyuta linatosha.

Hao watu sahihi ndio wanaosahaulika. Usijifungie ofisini na mpwa wako peke yenu. Mwite msimamizi wa zamu ya usiku, fundi umeme, mwenye kupokea mbegu getini, na anayeuza mashudu. Kila mmoja aseme anataka nini, na uandike kwa maneno yake. Ongezea sauti za wasiokuwepo: mnunuzi wa mafuta, TBS (shirika la viwango), NEMC (baraza la mazingira), jirani anayepelekewa moshi, bili ya TANESCO. Kisha kila takwa lipewe uzito kuanzia 1 hadi 5.

Nikupe mfano, namba zikiwa za kuonyesha njia tu, zako mtazipata wenyewe. Tuseme mmekubaliana hivi: mafuta yasichache yakiwa dukani (5), gunia litoe lita nyingi (5), mtambo usisimame katikati ya msimu (5), umeme na kuni vipungue (4), jirani asilalamike (3). Hizo zinakaa kushoto, mstari mmoja mmoja. Juu mnaandika vitu vinavyopimika: unyevu wa mbegu, uchafu kwenye mbegu, kuni kwa kila lita ya mafuta, umeme kwa kila lita, mtetemo wa mota. Kila mraba unajaza 9 kama uhusiano ni mkubwa, 3 kama ni wa kati, 1 kama ni mdogo, na unauacha wazi kama haupo. Kisha unazidisha kwa uzito na kujumlisha kwenda chini.

Chukua safu ya unyevu. Mbegu mbichi huota ukungu ghalani na mafuta yake huchacha mapema: 9 mara 5, ni 45. Unyevu ukikosewa ekspela haikamui sawasawa: tena 9 mara 5, ni 45. Mbegu zenye maji hula mvuke zaidi: 3 mara 4, ni 12. Zinaziba mashine: 3 mara 5, ni 15. Jumla 117. Safu ya uchafu, yaani mchanga na vijiti vinavyokuja na mbegu, inapata 87, kwa sababu mchanga ndio unaokula skrubu na vyuma vya ekspela. Kuni kwa lita zinapata 63: nishati 36, moshi kwa jirani 27. Mtetemo wa mota, ambao naamini ndio ukurasa wa kwanza wa ofa yako, unapata 49. Umeme kwa lita unapata 36.

Umeona kinachotokea? Vitu viwili vya juu kabisa viko getini na ghalani, mbali na mota zote. Mara nyingi huwa hivyo kwenye kiwanda cha mazao. Lakini usiziabudu hizo namba. Ni maoni ya watu yaliyovikwa hesabu. Badilisha uzito kidogo, mathalani umeme na kuni uwape 5 badala ya 4, uone kama mpangilio unabadilika. Ukibaki vilevile, una jambo la kushika. Ukiyumba, rudini mezani mbishane. Ubishi huo una faida kuliko jumla yenyewe, maana ndipo mwenye zamu ya usiku atakaposema jambo ambalo hujawahi kulisikia.

Angalia pia kwamba nimeandika "kwa kila lita" na sikuandika "kwa mwezi". Hili la mazingira linaharibikia hapo. Bili ya Novemba ikishuka kwa sababu mbegu zimeisha, hujaokoa kitu. Mnunuzi anayekuuliza kuhusu mazingira mpe kuni kwa lita, umeme kwa lita, maji kwa lita. Namba ya aina hiyo msimu hauwezi kuidanganya.

Sasa tuje kwa Suh, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo kilipo kiini cha tatizo lako.

Nam Suh ni profesa mstaafu wa chuo cha MIT, Marekani, mwenye asili ya Korea. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1990 alisema usanifu mzuri unatii kanuni mbili. Ya kwanza: kila kazi unayotaka mtambo uifanye iwe na kirekebisho chake, na ukikigusa kisiharibu kazi nyingine. Ya pili: kati ya miundo inayotii ya kwanza, chagua ule wenye uwezekano mkubwa wa kufika kwenye lengo bila miujiza. Mfano ambao umezoeleka sana kwenye mafunzo yake ni wa bomba la kuogea. Ukiwa na koki mbili, ya moto na ya baridi, kila ukigusa moja, wingi wa maji na joto vyote vinabadilika, na unabaki kuhangaika huku sabuni ikikuingia machoni. Koki ya mpini mmoja imetenganisha: kuinua ni wingi, kugeuza ni joto.

Rudi kwenye chungu chako cha mvuke. Kabla mbegu hazijaingia kwenye ekspela unataka mambo mawili: ziwe na joto linalofaa, na ziwe na unyevu unaofaa. Una valvu moja ya mvuke. Ukiifungua zaidi, joto linapanda na unyevu unashuka. Ukiibana, joto linashuka na unyevu unabaki. Mzigo wa asubuhi umetoka kwa mkulima aliyevuna mapema, wa mchana umekaa juani siku kumi; opereta anaisukasuka ile valvu kutwa nzima. Akishindwa anahamia kwenye koni ya kutolea mashudu, anaibana, mota inakula umeme, mashine inachemka, na bado mashudu yanatoka yana mafuta. Ekspela inayokwenda vizuri huacha mafuta ya asilimia 6 hadi 10 hivi kwenye mashudu. Zaidi ya hapo unauzia ng'ombe faida yako.

Weka sensa nzuri kuliko zote kwenye hali hiyo. Utapata nini? Utauona ugomvi huo huo kwenye skrini, kwa rangi, kila sekunde. Kazi mbili zinazogombania valvu moja hazipatanishwi na kipimo. Zinapatanishwa kwa kuongeza kirekebisho cha pili.

Kwa hiyo chora jedwali dogo la tatu kwa tatu. Kushoto andika kazi: unyevu wa mbegu zinapofika kwenye chungu, joto la mbegu zinapoingia kwenye ekspela, mafuta yanayobaki kwenye mashudu. Juu andika virekebisho: ukaushaji, valvu ya mvuke, koni. Weka alama pale kirekebisho kinapogusa kazi. Ukaushaji unagusa zote tatu, maana mbegu zenye maji hunywa joto na hukamulika vibaya. Mvuke sasa unagusa joto na mashudu, lakini haurudi nyuma kwenye unyevu wa mbegu zinazoingia. Koni inagusa mashudu peke yake. Alama zote zimekaa juu ya mstari wa mshazari (unaotoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia) na upande wake mmoja, kama pembetatu. Maana yake una utaratibu wa kurekebisha usiokuzungusha: kausha kwanza mpaka ufike kipimo, kisha weka joto, koni iwe ya mwisho. Sharti ni moja: mwendo wa kulisha mbegu uuache palepale kwa zamu nzima, kwa sababu ukiuongeza, mbegu zinakaa muda mfupi zaidi kwenye chungu na pembetatu yako inavunjika.

Ukaushaji huo unaweza kuwa turubai na jua la Singida, ambalo halina bili, au kikaushio kinachotumia maganda. Hapo kanuni ya pili ya Suh inaingia. Usiulize kipi ni cha kisasa. Uliza kipi kitafikia kipimo usiku, kwa opereta wa kawaida, siku ambayo mzigo umekuja umelowa. Kwa kuhifadhi ghalani, alizeti inahitaji unyevu wa chini ya asilimia 10 hivi; kwa kukamua inatakiwa iwe kavu zaidi ya hapo, na namba kamili utaipata kwa kujaribu kwenye ekspela zako mwenyewe. Mashine mbili za aina moja, moja skrubu mpya na nyingine imelika, hazitakubaliana.

Jambo jingine la Suh ambalo wengi hulikosea ni kutofautisha kazi na mipaka. "Kiwanda kiwe rafiki wa mazingira" ukiiandika kama kazi, hakuna fundi anayeweza kuichomelea. Igawanye. "Kuondoa maji ya kuoshea bila kuyaacha yaende mtoni" ni kazi, inapata tangi na bomba lake. "Moshi usizidi kiwango" ni mpaka, unagusa boila, kikaushio na hata aina ya kuni, na kila uamuzi unapimwa kwa huo. Bajeti nayo ni mpaka. Ukifanya hivi mwanzoni, mambo ya mazingira yanakuwa ndani ya mchoro. Ukiyaacha mpaka mwisho, yatakuwa chujio la bei ghali juu ya bomba la moshi.

Kuna uamuzi mmoja ambao huwezi kuufanya kwa mstari ulionyooka: kukoboa maganda kabla ya kukamua. Ukikoboa, unapata maganda ya kuchoma kwenye boila badala ya kuni, na mashudu yako yanakuwa na protini nyingi na nyuzi chache, hivyo wafugaji wa kuku watayataka. Lakini maganda huondoka na mafuta kidogo, na ekspela inahitaji kiasi fulani cha maganda ili mbegu zishike kwenye skrubu. Ukiyaondoa yote zinateleza tu. Ukubwa wa boila unategemea maganda, maganda yanategemea unakoboa kiasi gani, kukoboa kunategemea ekspela na bei ya mashudu, na kikaushio kinategemea boila. Mwaka 1981 Mmarekani Don Steward alichapisha jedwali la mambo ya namna hii: maamuzi yaleyale yanaandikwa kushoto na juu, unatia alama pale uamuzi mmoja unapohitaji jibu la mwingine, kisha unayapanga upya mpaka alama zibaki chini ya mshazari. Zile zinazokataa kushuka ni mzunguko. Mzunguko hauamuliwi kwa zamu. Wote wanaohusika wakae siku moja, wakisie ukubwa wa kukoboa, waufuate mpaka urudi ulipoanzia, warekebishe. Kwa kiwanda chako nadhani mzunguko ni huo mmoja tu. Ukiuwahi, umejiepusha na kununua boila mara mbili.

Hayo yakishakaa, ndipo tuzungumze sensa. Kwa kila kipimo anachokuuzia muuzaji, andika mambo manne: kinasoma nini, kikisoma vibaya nani atafanya nini, ndani ya muda gani, na leo jambo hilo linajulikanaje. Pasipo na mtu wala kitendo, futa. Utashangaa ofa inavyopungua unene.

Mimi kwa kiwanda chako ningeanza na kipima unyevu cha mkononi getini, cha bei ya kawaida, na kila gunia la sampuli liandikwe. Pili, mita ndogo za umeme: moja kwa ekspela, moja kwa boila na feni zake, moja kwa yanayobaki. Tatu, mashudu yapelekwe maabara mara kwa mara kupimwa mafuta. Kipimajoto kwenye mbegu zinazoingia kwenye ekspela nacho kina kazi, maana opereta anaitikia papo hapo. Hizi za mtetemo kwenye kila mota zisubiri. Fundi mwenye masikio mazuri na ratiba ya grisi vinakutosha kwa ekspela mbili.

Kwenye umeme, kuwa macho na mambo mawili. Wateja wakubwa wa viwandani hulipia pia kilele cha kVA, yaani mzigo mkubwa kabisa wa umeme waliouchota kwa mkupuo, kwa hiyo mita yako ndogo ionyeshe mitambo ipi inakwenda pamoja saa ngapi; huenda kuhamisha kazi moja kwenda zamu nyingine kukakupa zaidi ya kifaa chochote, na kapasita za kurekebisha pawafakta (sehemu ya umeme unaouchota inayofanya kazi kweli) huwa zinajilipa mapema kama mota zako ni za zamani. Pili, atakuja mtu na kifaa cha kupunguza mwendo wa mota na kukuahidi nusu ya bili. Kwa feni na pampu ya maji anasema kweli: ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu nusu, kwa sababu 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.512. Ekspela si feni. Ukiipunguzia mwendo inapunguza na kazi, na kwa lita moja ya mafuta huenda usiokoe kitu. Kifaa hicho kiweke kwenye feni ya boila.

Chagua mita zinazozungumza lugha ya wazi. Modbus, mojawapo ya lugha hizo za vifaa kuwasiliana, imekuwepo tangu mwaka 1979 na vifaa vingi vya viwandani bado vinaielewa. Ukinunua kinachoongea na programu ya muuzaji peke yake, utamlipa yeye kila mwaka. Na umeme ukikatika au intaneti ikipotea, kifaa kihifadhi kumbukumbu chenyewe. Uliza hilo kabla ya bei. Uliza pia betri zake zikifa zinakwenda wapi, kwa sababu kiwanda cha kutunza mazingira kinachozika betri nyuma ya ghala kinachekesha.

Zana nyingine utazisikia. Jedwali la kuorodhesha hitilafu, ambapo unazidisha ukali, mara ya kutokea na ugumu wa kugundua, kila kimoja 1 hadi 10, ni zuri kwa boila na usalama wa watu. Ila ukali wa 9 au 10 ushughulikie hata kama jumla ni ndogo. Ile ya mhandisi wa Kisovieti Altshuller ya kutatua migongano ya kiufundi inafaa mkishakwama kweli, siyo kuanzia.

Kwa wakati, mavuno huku kanda ya kati huanza kuingia kama Mei na Juni. Karatasi zifanyike miezi ambayo ekspela zimelala, kikaushio na mita vifungwe kabla ya gunia la kwanza, na wiki za mwanzo msiguse koni mpaka unyevu na joto vimetulia. Muuzaji mjibu kwa heshima: mwambie unahitaji mita tatu na kipimajoto kimoja, vyenye Modbus na kumbukumbu ya ndani, na akupe bei ya hivyo peke yake. Akikataa kuigawa ofa yake, tafuta mwingine. Majibu ya maabara ya mashudu yakitoka, niandikie yakiwa na unyevu wa mbegu za siku hiyohiyo, tuone koni ikae wapi.